Weka Kumi

3 Februari

Mume wangu,

Dereva wa lori la vipuri ananiambia huko kambini kwenu simu hazishiki hata mtu apande juu ya paa, basi nimekubali kurudi kwenye kalamu. Ameapa barua hii utaipata mkononi. Nimemwonya kwamba ikifika imefunguliwa nitajua, kwa sababu gundi nimepaka mwenyewe na nimepaka ya kutosha.

Sisi huku wazima. Pacha wanakula kana kwamba kesho chakula kinapigwa marufuku. Duka nalifungua kila asubuhi kama tulivyokubaliana. Mwanzoni watu walikuwa wanachungulia, wananiona kwenye stuli yako, wanauliza, "Fundi yupo?" Nikiwaambia fundi ndiye huyu wanacheka kwa adabu, wanasema watapita baadaye. Wiki hii hao wa baadaye wameanza kupita.

Jana nimetengeneza kiyoyozi cha saluni ya pale kona. Feni ya nje ilikuwa inaunguruma bila kuzunguka. Ukiisukuma kwa kijiti inaamka, ukizima na kuwasha inalala tena. Nikakumbuka ulivyokuwa ukisema, feni inayotaka kusukumwa usiilaumu mota kwanza, tazama kapasita, kile kikopo kinachoipa nguvu ya kuamka. Nikafungua, nikaikuta imevimba tumbo kama mtu aliyealikwa harusi mbili. Ubavuni imeandikwa kipimo chake, maikro tano, volti mia nne na hamsini. Nikatafuta ya namba ile ile, nikahamisha waya mmoja mmoja ili nisichanganye, na kabla ya kuigusa ile ya zamani niliimaliza umeme kwa balbu. Unagusisha nyaya mbili za balbu kwenye miguu ya kapasita, balbu inanyonya umeme uliobaki, basi. Hakuna ile cheche ya bisibisi inayonirusha roho.

Ilipozunguka, mwenye saluni alipiga vigelegele. Mimi nilijifanya nimezoea. Nilipofika nyumbani ndipo nilipopiga vya kwangu, mlango nimefunga.

Kula vizuri. Usilale na viatu.

Mkeo


15 Februari

Mama Pacha,

Barua imefika na gundi yake yote, nusura niichane. Nimeisoma kwenye kontena letu, wenzangu wakiniuliza ninachekea nini. Nimefurahi kuhusu saluni. Hapa kazi ni ile ile, vyumba vya wafanyakazi vimepangwa mstari, kila chumba na kiyoyozi chake, na vumbi linaingia mpaka kwenye meno.

Lakini kuna jambo limenikaa kooni. Balbu. Mimi sijakufundisha balbu. Tangu tuoane umeniona natumia bisibisi ya mpini wa plastiki, na cheche yake sijawahi kuiona ikiua mtu. Katika mafundi wote wa mtaa ule ninayemjua anatembea na balbu kwenye mfuko wa shati ni mmoja, naye ni Taratibu, fundi friji wa ng'ambo ya barabara. Sijui kama umesahau kwamba huyo ndiye aliyetangulia kuleta posa kwenu. Mimi sijasahau.

Nauliza tu, kwa upole. Anaingia dukani kwangu?

Pacha wasalimie. Wala silali na viatu.

Mumeo


20 Februari

Mdogo wangu,

Mimi dada yako umbea sina, wewe mwenyewe shahidi. Ila umeniandikia kuuliza, na damu nzito kuliko maji, sasa nitafanyaje?

Baiskeli ya Taratibu nimeiona imeegemezwa kwenye mlango wa duka lako asubuhi nikienda sokoni. Nimerudi na mboga zangu, jua utosini, baiskeli ipo. Sijasema nimeona kitu kibaya. Nimesema nimeona baiskeli.

Na wifi yangu siku hizi anacheka. Anacheka mpaka anashika meza. Sikumbuki kumsikia akicheka hivyo wakati wewe upo, lakini labda wewe huchekeshi, hilo nalo linawezekana. Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Ukimuuliza, jina langu lisitajwe. Ninakula kwake.

Dada yako


1 Machi

Mama Pacha,

Swali langu la balbu umelipita kama mtu anayepita kwa mdai. Katika barua yako fupi ya wiki iliyopita umenieleza meno ya pacha, mvua, paa la jirani, na Taratibu hakuna. Mtu asipotajwa kabisa ndipo ninapomwona vizuri zaidi. Nasikia hata baiskeli yake inashinda mlangoni kwangu.

Nina wivu. Nimeliandika ili usihangaike kunitafutia jina lingine. Nakuwazia kwenye stuli yangu, umeshika koleo langu, na mtu amesimama nyuma yako anakuelekeza mkono. Kapasita ni kitu kidogo, Mama Pacha. Ili mtu akuonyeshe miguu yake inabidi mkaribiane vichwa. Mimi ndiye niliyekufundisha hivyo, kwa hiyo najua watu wanakaribiana kiasi gani.

Jana nimefunga mota ya feni nikiwaza hayo, nikapeleka umeme upande usio wake wa kapasita. Feni ikazunguka kinyume, ikanipulizia vumbi lote usoni. Msimamizi akaniuliza kama kazi nimeianza leo. Watu wakacheka. Mimi, ambaye hapa wananiita mwalimu.

Sitaki akanyage pale. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, na huyo naona ameinama vya kutosha. Kama kuna kazi inakushinda, mwambie mteja angoje nirudi.

Mumeo


9 Machi

Mume wangu,

Nilicheka kwanza, hasa kuhusu lile vumbi. Halafu nikakasirika, nikaacha kuandika mpaka hasira ishuke. Haijashuka yote lakini dereva anaondoka.

Ndiyo, Taratibu anaingia dukani. Anaingia mlango ukiwa wazi, mchana, watu wanapita. Alinikuta siku moja nikiichokonoa kapasita kwa bisibisi yako, cheche ikaruka, nikapiga kelele, akavuka barabara akidhani nimekufa. Akanionyesha balbu. Ndiyo habari yote ya balbu. Baiskeli anaiacha mlangoni kwangu kwa sababu kwake hakuna kivuli. Na huyo aliyekuandikia baiskeli anakaa hapa hapa kwenye benchi letu kutwa nzima akiuza karanga zake, kwa hiyo angekuandikia pia kwamba hatuko peke yetu. Usimtaje, sijamtaja.

Posa alileta, kweli. Baba akamwomba angoje, naye akangoja, ndiyo maana watu wakampa jina hilo. Wewe hukungoja. Ulikuja kutengeneza feni ya jikoni kwetu, ukarudi kesho yake kuikagua, ukarudi tena kuikagua, mpaka mama akauliza feni gani hii isiyopona. Nilikuchagua wewe, mume wangu. Sikukuokota kwa kukosa mwingine. Nisingependa kuliandika tena hili.

Sasa kazi, maana hapa ndipo nilipokwama na ninakuhitaji.

Duka la dawa. Boksi la nje la kiyoyozi cha stoo yao, lile la nyuma, feni haiamki. Kapasita imeungua mpaka maandishi yameyeyuka. Nikataka kusoma kibandiko cha mota, nikakuta ulikipaka rangi pamoja na boksi zima ulipokuwa unazuia kutu. Nimekwangua, yametoka yote, rangi na maandishi. Kwa sasa mfamasia anaisukuma feni kwa mpini wa ufagio kila asubuhi, na uso wake unanionyesha kwamba hataendelea kwa muda mrefu. Unajua viyoyozi vyake vyote ni vyetu. Akituacha huyo, hili duka tunafunga, tunauza karanga na wifi.

Nyaya nimezipima kwa mita kama ulivyonifundisha, nimepata upi ni wa pamoja na upi unakwenda kwenye kapasita. Hilo halinisumbui. Ninachokosa ni namba. Taratibu ameitazama, anasema mota ya umbo lile inataka maikro nne. Nimemwambia tungoje. Mota ile uliichagua wewe, ukaibeba wewe, ukaifunga wewe, na hakuna anayeijua kukuzidi. Ukisema nne nitaweka nne. Ukisema nyingine nitaweka hiyo, hata Taratibu asimame barabarani akipinga.

Jibu upesi.

Mkeo


14 Machi

Mama Pacha,

Weka kumi.

Nne ni ya vifeni vya mezani. Huyo ajue friji zake, mota ya kiyoyozi akae mbali nayo. Ile inazungusha feni kubwa, inataka nguvu ya kuamka. Kumi, volti mia nne na hamsini. Mwambie nimesema mimi, na umwambie akiwepo mfamasia.

Mumeo


19 Machi

Mama Pacha,

Kama hujaiweka ile kumi, usiweke. Nilichanganya mota ile na nyingine tuliyofunga kwingine. Ni nne. Jua la hapa kali, kazi zimenizidi, kichwa hakikutulia nilipokuandikia.

Kama umeshaweka, zima sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma barua hii. Ing'oe. Dereva ana mizigo ya kushusha kwingine, nimemsihi apite kwako kwanza, amesema atajaribu. Ningepata njia ya kukimbia mwenyewe na barua ningekimbia.

Mumeo


2 Aprili

Mdogo wangu,

Nakuandikia bila kuulizwa, jambo ambalo si kawaida yangu, nyamaza usicheke.

Barua yako ya weka kumi ilipofika mimi nilikuwepo, kwenye benchi. Mkeo aliisoma kwa sauti, kwa fahari, mbele ya Taratibu. Taratibu akakuna shingo, akasema, "Shemeji, kumi kwa mota ile ni nyingi. Itaipika."

Mkeo akamjibu, "Mume wangu hakosei namba."

"Mimi simkosoi. Nasema tuipime inavuta umeme kiasi gani kabla ya kuiacha."

"Kuipima ni kumpima yeye. Ameshasema."

Taratibu akampisha. Wakaenda, na mimi nikaenda, kwa kuwa mboga zangu zinapatikana upande ule ule. Mkeo akafunga kapasita mwenyewe, kazi safi, waya hata mmoja haujaning'inia. Feni ikaamka kama iliyochapwa. Ilipuliza kuliko ilivyowahi kupuliza. Mkeo akamgeukia Taratibu, akamwambia, "Umeona?" Naye akasema ameona.

Siku ya tatu mfamasia akatuma mtu. Tulipofika harufu ilikuwa imetangulia barabarani, ile harufu ya koili ya mota iliyoungua, haihitaji maelezo. Boksi la nje limekuwa jeusi pembeni. Mle stoo dawa zinatolewa kwa makasha, zinapelekwa kwa mwenzake wa mtaa wa pili kuomba hifadhi, na mfamasia amevua koti lake jeupe anabeba mwenyewe.

Akauliza, "Nani aliyechagua namba hii?"

Mdogo wangu, mimi nilimtazama Taratibu. Alikuwa anajua. Angesema neno moja tu na jina lako lingeishia pale. Alitazama viatu vyake. Mimi nilikuwa najua pia, na ulimi wangu unaufahamu, lakini siku ile uligoma.

Mkeo akasema, "Mimi. Nilisoma vibaya."

Mfamasia akamwambia maneno ambayo sitayaandika kwa sababu mengine alikuwa na haki nayo. Mkeo aliyapokea yote akiwa amesimama.

Barua yako ya pili ililetwa kesho yake. Aliisoma kimya, na alipomaliza aliikunja, akaniomba nikauze karanga zangu kwingine kwa siku hiyo. Hajawahi kunifukuza.

Nilikuandikia baiskeli. Sikukuandikia kwamba kicheko chenyewe ni mimi niliyekuwa namchekesha. Sikukuandikia kwamba Taratibu akiwa mle hakai, anasimama mlangoni kama mpangaji anayeogopa kudaiwa. Hayo sikuyaona ya maana kuyaandika, na sasa nayaona.

Dada yako


4 Aprili

Mume wangu,

Wifi ameniambia amekuandikia, kwa hiyo yaliyotokea unayajua. Nitaandika yale asiyoyajua yeye.

Unasema ulichanganya mota mbili. Nimelala na wewe miaka yote hii. Nimeona watu wakikugongea ukiwa usingizini, wakakutajia boksi la fulani, ukawatajia namba ya kapasita yake kabla hujafumbua macho. Umesahau siku ya kuzaliwa ya wanao, umesahau jina la mama mdogo wangu mbele yake, lakini namba ya mota uliyoifunga kwa mkono wako hujawahi kuisahau. Usinitukane kwa jua kali.

Ni wewe uliyenifundisha kwamba kapasita ikizidi mno, mota haifi mara moja. Inazunguka vizuri kwanza, inawafurahisha watu, huku koili inapikika ndani. Kwa hiyo ulipoandika kumi ulijua itakavyokwenda, hatua kwa hatua. Ulijua nitasimama pale nikijisifu. Nilisimama, nikajisifu. Nilimwambia yule mtu umeona.

Nimejiuliza ulikuwa unataka nini. Labda uliona nikiaibika mbele ya Taratibu nitakuita urudi. Labda ulitaka kujua nikiambiwa mambo mawili na wanaume wawili nitamsikiliza nani. Kama ni hilo, umeshajua. Mmoja alisimama mbele yangu akaniambia ukweli kwa adabu, na mwingine alikuwa mbali akaniandikia uongo, nami nikamfuata wa mbali bila hata kuipima, kwa sababu nilimpenda na nilimwamini. Wivu wako ulikuwa unanitafuta kwa Taratibu. Nilikuwa huku kwako muda wote.

Mbele ya mfamasia sikutaja barua yako. Usiliweke hilo moyoni ukadhani nimekusamehe. Niliona haya tu, nikachagua aibu iliyo ndogo. Mke aliyesoma vibaya ni aibu ndogo. Mke aliyedanganywa na mumewe makusudi, kwenye kazi, mbele ya watu, hiyo sikuwa na kifua cha kuibeba siku ile.

Nimenunua mota nyingine na nimeifunga. Mfamasia alisimama nyuma yangu tangu mwanzo mpaka mwisho mikono kiunoni. Nilisoma kibandiko kwa sauti ili naye asikie, nikaweka kapasita ya namba ile, nikapima umeme unaovutwa, nikamwonyesha mita. Akasema nirudi kesho kuiangalia. Nikarudi. Akasema nirudi tena wiki ijayo. Bado hajasema kama tunaendelea naye, lakini dawa zimerudi stoo.

Taratibu nimemwomba asije tena dukani. Usifurahi. Sikumwomba kwa ajili yako. Kila akiniangalia naona anajua, na ananionea huruma, na mimi sijazoea kuonewa huruma. Aliitika, akachukua baiskeli yake. Sasa inakaa juani.

Hapa mezani nina mota ya feni ya yule mwenye studio ya picha. Haina kibandiko, na kapasita yake alishaitupa. Wakati mwingine wowote ningekuchorea umbo lake na kukuuliza. Leo niliishika kalamu, nikaandika "mume wangu, kuna mota moja," nikaona mkono umekataa. Nimeifungia kapasita ndogo, nikapima, nikapanda kidogo kidogo, nikashika mota kwa kiganja kusikia joto, mpaka nikaipata namba yake. Imenichukua siku nzima kwa kazi ambayo wewe ungeimaliza kwa neno moja. Sijui kama unaelewa umeniondolea nini. Mume ninaye bado, sijasema vinginevyo. Niliyekuwa namuuliza ndiye sinaye.

Pacha wazima. Wanauliza unarudi lini, nawaambia kazi ikiisha, na utarudi, nyumba ni yako.

Ila katika barua utakazoniandikia kuanzia sasa, jambo la kazi usiniandikie. Hata ukiwa na hakika nalo, liache. Niandikie umekula nini, umelalaje, mwenzako wa kitanda cha pili anakoroma kiasi gani. Hayo hata ukinidanganya hayaunguzi kitu cha mtu.

Mkeo